Mambo Zote za Dereva

Mpaka mwezi uliopita nilikuwa siwezi kumsimulia mtu habari za Dereva bila kuruka sehemu moja. Vichekesho vyake nilivitoa vyote, watu wakashika mbavu, lakini nikikaribia ile siku ya Matema ghafla nakumbuka kwamba nimeacha maji jikoni. Sababu ni kwamba kwa miaka mitatu niliamini nimemwachisha kazi mzee yule kwa neno moja nililolisema huku macho yangu yako kwenye simu. Sasa nimeshushiwa mzigo huo, na nitasimulia mpaka mnichoke.

Tulimwita Dereva tu. Kampuni yetu pale Mikumi ni ndogo: magari mawili, mahema saba, jiko la gesi, na bosi mmoja mwenye simu tatu ambazo zote huita kwa pamoja. Wateja wetu wengi ni Watanzania wenzetu, walimu, manesi, wanakwaya, watu wanaotaka kuiona nchi yao bila kulipia hoteli. Safari yetu kubwa ni ya wiki mbili. Tunaanza kushuka Pangani kula upepo wa bahari siku nne, tunarudi Mikumi kufua nguo, kisha tunapanda Kitonga, tunalala Iringa kwenye baridi, tunapita Makambako na migomba ya Tukuyu mpaka Matema, pale Ziwa Nyasa linapoishia miguuni mwa milima. Dereva aliiendesha safari hiyo kabla mimi sijajua hata baiskeli.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kutoka Kilosa na cheti changu cha uongozaji watalii kwenye bahasha na viatu vipya vinavyonibana. Nilikuwa nimeonywa mapema. Mama yangu, ambaye ni fundi cherehani pale Magomeni ya Kilosa na anajua tabia za watu kuliko mwenyekiti wa mtaa, aliniambia huyo mzee ni wa milimani huko upande wa Berega, kalelewa kwenye shule za misheni, na usipompa shikamoo yake anaweza kukaa kimya na wewe mpaka Krismasi. Basi nikaingia uani nikiwa nimeiandaa shikamoo yangu mdomoni. Kabla sijaitoa, kichwa chenye mvi kikachomoza kutoka chini ya turubai, kikanitazama, kikasema, "Mambo!"

Jamani, moyo ulinitulia. Nikasema kumbe mzee mwenyewe ni wa kisasa, mama kaniogopesha bure. Nikamjibu kwa furaha, "Poa, Mzee!"

Bosi alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona anajifunika uso kwa bahasha yangu niliyompa nilipoingia. Yule mzee akatoka chini ya turubai taratibu, akajipangusa magoti, akaniambia kwamba hakuniuliza hali yangu. Aliniagiza mambo, nazo ziko kwenye begi jekundu nyuma yangu. Kisha akakunja mikono akangoja, na mimi nikaelewa anangoja nini, nikaitoa ile shikamoo ikiwa imeshapoa. Akaitikia marahaba, ndipo akapokea begi.

Mimi nimesoma Kilosa, msingi na sekondari, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba mambo, ukiacha haya ya dunia, ni vile vigingi vya kukazia kamba za hema. Nililitafuta neno hilo kwenye kamusi baadaye, kwa hasira, nikalikuta limekaa pale. Sisi wote kazini tulisema vigingi. Yeye peke yake alisema mambo, na alikuwa mkali kwenye upatanisho wake: mambo ya dunia ni mengi, mambo za hema ni nyingi. Mambo yako ni yako, lakini mambo zetu ni themanini na nne, kumi na mbili kila hema, na ole wako ziwe themanini na tatu.

Ile poa yangu ilinifuata. Wiki nzima kila akitaka vigingi alinitazama kwanza, akasema "Mambo?" kwa sauti ya mtu anayeuliza hali, na mimi kwa aibu nikajibu "Poa" huku nampelekea begi. Mwezi wa pili utani ukageuka kazi. Asubuhi ya kuondoka kambini, mimi nahesabu vigingi navitia kwenye begi, naliweka nyuma ya gari liingie la mwisho, na yeye akishika mlango wa dereva anapaza sauti, "Mambo?" Nikijibu "Poa" maana yake nimehesabu, zote zipo, begi limo, tuondoke. Wageni walifurahi sana. Walidhani wanamwona mzee anayekwenda na wakati.

Kabla ya mimi kukabidhiwa hesabu ile alikuwa anahesabu mwenyewe, na alihesabu kwa vidole. Namaanisha alifumba macho, akaingiza mkono ndani ya begi, akazipapasa moja moja akizihamisha kutoka upande huu kwenda upande ule, midomo ikichezacheza kama anasali rozari, na yeye Mwanglikana. Ukimkatiza, hata kama umekuja kumwambia gari linawaka moto, anaanza upya. Niliwahi kumuuliza kwa nini hazimwagi chini akazihesabu kwa macho kama watu wengine. Alinijibu kwamba macho yana haraka.

Alikuwa na misemo yake namna hiyo, ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Kule Pangani, wageni wakikimbilia maji wanapiga kelele, yeye alikaa kwenye kigoda chake akiwa amefunga kamba za viatu, suruali imepigwa pasi, na mgongo ameipa bahari. Anatazama mahema. Nilimwambia, Mzee, watu wanatoka mbali kuja kuiona hii bahari, wewe unaigeuzia mgongo? "Bahari ilikuwepo jana na kesho itakuwepo," akasema. "Hema ndilo linaloondoka." Chumvi ilimchukiza. Alidai inaingia kwenye bolti za gari na kwenye tabia za watu. Lakini tukifika Matema, mzee huyohuyo anavua viatu, anakunja suruali mpaka magotini, anaingia ziwani, ananawa uso mara tatu na kuchota maji kwa kiganja anakunywa, akisema maji yasiyo na chumvi yana adabu. Nilipenda kumwona pale, na ile milima imesimama majini nyuma yake, na kina mama wa Kikisi wamepanga vyungu vyao kivulini, na yeye kasimama tu.

Na huyo mtu wa mahema hakuwahi kulala kwenye hema. Nakula yamini. Alilisimamisha vizuri kuliko yeyote, alijua upepo utatokea wapi na mlango uelekee wapi, halafu akaenda zake kulala kwenye kiti cha nyuma cha gari. Mtu mwenye nyumba yake, alisema, akienda kulala nje kwa kupenda, ana jambo linamsumbua. Wageni wetu aliwaita wakimbizi wa starehe, nyuma ya migongo yao lakini kwa upendo. Hakuogopa simba. Aliogopa bata bukini. Kule Tukuyu kuna nyumba moja yenye bata bukini watatu ambapo tulikuwa tunanunua ndizi, na siku zote nilishuka mimi.

Shikamoo nimeshaigusa, lakini haijaisha. Gari halikuondoka mpaka kila aliye mdogo kwake awe amemwamkia. Niliwahi kuona mhasibu mzima wa watu, mwanamume mwenye kitambi chake, anashushwa kwenye gari aanze upya. Lakini askari wa barabarani, hata awe kijana wa juzi, Dereva alimpungia kwa heshima zote na kumwita afande. Nilimwambia hiyo ni hofu. Akasema hapana, yule amesimama juani na mimi nimekaa kivulini, nani amheshimu mwenzake?

Alinifundisha kuendesha. Nalitaja jambo hili kwa sauti kwa sababu mpaka leo ndilo linalonilisha. Baada ya chakula cha mchana, popote tulipo, alinirushia funguo na kusema ameshiba, yeye akahamia upande wa abiria. Mwanzoni ilikuwa barabara ya Kilosa tu, ile ya kutoka Mikumi kupitia mashamba ya miwa, kwenye vumbi. Baadaye ikawa lami. Baadaye ikawa kila alasiri jua linapotuingia usoni. Kitonga ndiyo hakunipa. Kitonga alipanda mwenyewe, kichwa kimeinuka, akiimba tenzi kwa pua bila maneno, na ndani ya gari hakuna aliyethubutu kufungua hata pakiti ya biskuti.

Alipokuwa anaendesha yeye, kazi yangu ilikuwa kusoma. "Soma," alisema, na mimi nasoma kila kibao kilichosimama pembeni ya barabara: jina la kijiji, tuta, kona, punguza mwendo, wanyama wanavuka. Ile barabara inayokatiza hifadhi pale Mikumi ina vibao vingi, na nilisoma vyote, hata vile vya faini za kugonga wanyama, kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili mbele ya mkaguzi. Nikikosea herufi alinisahihisha, kwa sababu vibao vingi alivijua kwa moyo. Kisha kwenye njia panda aliuliza, "Kushoto?" Nikajibu kuko wazi. "Kulia?" Na yeye mwenyewe anageuza kichwa chote, na mabega, kama bundi. Nilidhani anafanya hivyo kunifundisha umakini. Niliona fahari kwamba kanichagua mimi.

Siku moja pale Ruaha Mbuyuni, walipopanga vitunguu barabarani, tulipanda tuta kwa mwendo ambao vichwa vya wageni viligonga paa. Mimi nilikuwa nafungua chupa ya maji, sikusoma. Dereva akasimamisha gari, akashuka, akaenda kulitazama lile tuta kwa muda mrefu. Aliporudi aliomba radhi kwa kila mgeni, mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo. Alisema wiki iliyopita tuta hilo halikuwepo. Tulicheka sana, na nikamwambia bosi kwamba mzee anazeeka na vichekesho vyake.

Sasa nifike Matema.

Wageni walikuwa manesi kumi kutoka Morogoro, wamekuja kumsindikiza mwenzao aliyestaafu. Tulilala Iringa, nje kidogo ya mji, kwenye kambi ya mzee mmoja mtunza bustani. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Niliving'oa vigingi, nikavitia kwenye begi jekundu bila kuhesabu, nikaliweka chini nyuma ya gari, na simu yangu ikalia. Kulikuwa na kijana mmoja Morogoro wakati ule. Hana maana tena, simtaji, ila aliandika vizuri. Nikaegemea gari upande wa pili nikawa namjibu. Nilisikia Dereva anazunguka gari kama azungukavyo kila asubuhi, anapiga tairi teke moja moja. Nikasikia mlango wake. Nikasikia, "Mambo?"

"Poa," nikasema, vidole vikiwa vinaandika, nikapanda.

Tulifika Matema saa tisa alasiri. Wingu lilikuwa limeshaikalia milima na ziwa limeanza kubadilika rangi. Manesi wakashuka wakiimba. Dereva akakanyaga mchanga hapa na pale, akachagua mahali, akaninyooshea mkono bila kugeuka. Nikaenda nyuma ya gari. Palikuwa na tairi la akiba, jeki, magunia ya mkaa, sanduku la vyombo. Nilifungua na kufunga ule mlango mara tatu, kana kwamba begi lingeona aibu likatokea. Nikamwendea nikamwambia, Mzee, begi halipo.

Hakuuliza lilikuwa na nani. Aligeuza kichwa chote kuitazama milima, akakitazama kidole chake alichokilowanisha kuujua upepo, kisha akasema, "Foronya."

Aliwakusanya wale manesi kumi, akawaambia kila mmoja alete foronya ya mto wake, na wao wakaleta, watu wa hospitali hawaulizi swali wakisikia sauti ya namna ile. Tukazijaza mchanga, tukazifunga midomo, tukazifungia kamba za mahema, tukazizika mpaka magoti na kuzikanyaga juu. Wakapiga picha. Waliamini ndivyo watu wanavyopiga kambi ziwani. Upepo ulipokuja, ulikuja kweli, na mahema sita yakatetemeka yakashika. La saba, la jikoni, lilikuwa kubwa na foronya zilikuwa zimetuishia. Likang'oka, likapindua sufuria ya ndizi, likapaa kuelekea majini, na ile nguzo yake ya chuma ikapita nyuma ya Dereva kiasi cha shubiri moja kutoka begani kwake. Hakugeuka. Hata hakupepesa. Manesi walimpigia makofi kwa ujasiri wake, na mimi nilipiga makofi pamoja nao huku machozi yananitoka. Hakuna aliyeumia. Tulikula mkate na chai, tukalala salama.

Njia nzima ya kurudi hakunisema. Na mimi sikusema. Kila kijiji nilijiambia nikifika kinachofuata nitamwambia kwamba sikuhesabu, nikasoma kibao, nikanyamaza. Mikumi aliingia ofisini kwa bosi na funguo mkononi, akatoka mikono mitupu. Alinipa mkono, akasema nisisahau kukaza nati za nyuma, akaenda stendi kupanda gari la Kilosa. Bosi akatoka akiwa amechanganyikiwa. Aliniambia mzee kasema begi amelisahau yeye, na kwa hiyo kaacha kazi. Bosi kamwambia hata yeye husahau, kambembeleza, mzee hasikii.

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema ni mimi. Nilifungua mdomo nikasema, "Pole, bosi."

Wiki iliyofuata nikapewa funguo zake. Begi jekundu lilirudi kwa basi kutoka Iringa, likiwa na mambo zake zote ndani, na nikalitumia. Nikakaa kwenye kiti chake, juu ya taulo lake alilolikunja mara nne. Watu walinipongeza, mwanamke dereva, na kila pongezi ilinichoma.

Kibaya zaidi, alikuja kuishi Magomeni, mitaa miwili kutoka kwa mama yangu. Mkewe alikuwa na duka dogo pale, la unga, sukari na sabuni za vipande, na Dereva alikaa barazani kwenye kigoda kilekile cha Pangani. Nilimwona kwa mbali mara ya kwanza, nikarudi kinyumenyume. Tangu hapo kila nikienda nyumbani nilizunguka kwa upande wa reli, nikavuka mtaro, nikapita nyuma ya mabanda ya kuku ya watu, nikatokea kwa mama nimejaa mbegu kwenye suruali. Mama aliniuliza mbona siku hizi natokea porini. Nikasema nafanya mazoezi. Alinitazama kama atazamavyo kitambaa kilichokatwa vibaya, akaendelea kushona.

Mwezi uliopita begi lilichanika mshono. Nikalibeba na vigingi vyake ndani nimpelekee mama alishone, Jumamosi asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha Kilosa siku mbili mfululizo, mtaro umefurika, njia ya reli haipitiki. Nilisimama pale nikiutazama mtaro kwa muda. Ilinibidi nipite dukani. Nikasema nitapita haraka, upande wa pili wa barabara, na uso nimeugeuza. Begi linagongagonga mgongoni.

"Mambo!"

Nikasimama palepale. Nikavuka barabara, nikapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Kwa hiyo njia ya reli imejaa maji."

Mkewe alicheka huko ndani. Kumbe walijua siku zote, mke alikuwa akiniona napita nyuma na kumwambia mumewe, kila mara. Leo mzee hata hakuhitaji kuambiwa, alizisikia mambo mwenyewe zinavyogongana mgongoni kwangu. Nikamwamkia mkewe, akanitolea kigoda, akaleta chai kabla sijakataa. Dereva alikuwa na ungo wa maharage mapajani, anachambua mawe kwa vidole, macho yametazama mbele tu. Niliona jinsi mikono ilivyojua kazi yake, na jinsi macho yalivyokuwa hayamo kabisa. Hata hapo sikuelewa.

Nikamwambia. Nilisema yote kwa mkupuo, simu, yule kijana, ile poa ambayo haikuwa na hesabu ndani yake. Nilimwambia nimekaa kwenye kiti chake miaka mitatu kama mwizi. Nililia, na wateja wawili walionunua mafuta wakaondoka bila chenji yao, mkewe akawafuata mbio kuwapa.

Yeye aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza, lile begi nililiweka wapi asubuhi ile?

Nikasema nyuma ya gari, chini.

"Lilikuwa limeegemea tairi la nyuma," akasema. "Yule mzee wa bustani alinipigia simu kabla hatujatoka Matema. Aliniambia nusura tulikanyage. Na mimi, binti, nilizunguka gari asubuhi ile. Nililipiga teke tairi lenyewe. Begi jekundu, mbele ya mguu wangu, sikuliona."

Akaniambia yaliyobaki polepole. Ni presha ya macho. Daktari alikuwa amemwambia miaka miwili kabla ya safari ile. Inakula pembeni kwanza, inaacha katikati, mpaka mtu anaiona dunia kama anachungulia kwenye bomba. Mbele aliona vizuri, ndiyo maana alijidanganya. Pembeni hakuwa na kitu, sio vibao, sio kona, sio nguzo ya chuma inayopita begani. Kila safari alisema hii ya mwisho, na kila akirudi salama alisema moja tena. Alichofanya ni kunikalisha kushoto kwake, nisome.

"Usiku ule ziwani sikulala. Nilisema, leo ni begi. Ingekuwa mtoto wa mtu amechuchumaa pale? Nilikuwa nangoja kitu cha kunitoa barabarani, nikaogopa kitakuwa maiti. Mungu akaleta begi."

Nilimuuliza kwa nini basi alimwambia bosi kwamba amesahau. Akasema kusahau kunasameheka mapema kuliko kuficha, na alitaka kwanza apate nguvu ya kusema lingine. Alikwenda mwenyewe mwaka huohuo, akamweleza bosi yote. Bosi hakuniambia kwa sababu mzee alimwomba amwachie yeye aniambie mwenyewe. "Nikakungoja upite," akasema. "Wewe ukapita kwa kuku."

Mkewe akasema kitu kwa Kikaguru kutoka ndani, wakacheka wote wawili. Nikauliza. Ikawa anasema kwamba miaka yote ya Kitonga mumewe alikuwa anakanyaga breki usingizini, anampiga mateke, na tangu arudishe funguo yeye mama wa watu amepona miguu. Nilicheka mpaka chai ikaniingia puani. Sijui kama mnajua kicheko cha namna hiyo, mwili mzima ukiachia. Nilitamani kulala palepale barazani.

Kisha akaacha maharage. Akanigeukia, kichwa chote na mabega, mpaka aliponipata katikati ya macho yake. Akasema na yeye ananiomba radhi. Alinifanya jicho lake miaka miwili bila kuniuliza, na siku niliyochoka kutazama angeweza kuniachia balaa la maisha. Nilimwambia yamekwisha. Alisema hayajaisha mpaka nimjibu vizuri, basi nikamjibu nimekusamehe, Mzee, na neno hilo lilikuwa gumu kulitamka kwa mtu mkubwa vile, kwa sababu sisi hatukuzoea kulitoa kwenda juu.

Tulizungumza mengine. Anatia dawa ya matone asubuhi na jioni, na kile kidogo kilichobaki kimesimama, hakipungui. Bado anawaona wajukuu wakikaa mbele yake kwa mstari. Aliniuliza kama Pangani bado ina chumvi. Aliniuliza bata bukini. Nikamwambia nimepata msaidizi, binti mmoja wa Tindiga, na yeye ndiye anayeshuka.

Jua lilikuwa limepanda nilipoinuka. Mama alikuwa ananingoja na mashine. Nikalitundika begi begani, likagongana ndani. Nikapiga hatua moja.

"Mambo?" akauliza.

Lilikuwa pale mdomoni, lile neno langu, limezoea. Nikalimeza. Nikarudi nikakaa, nikatandika khanga ya mkewe sakafuni, nikazimwaga zote, nikaanza kuhesabu kwa sauti, nikizihamisha moja moja. Kwenye ya arobaini na kitu mteja akaniuliza bei ya sukari, nikapotea, nikaanza upya. Dereva alikaa ametulia, kichwa ameinamisha, anasikiliza chuma kinavyogusana, na mkewe akawazuia wateja mlangoni kwa kiganja. Sikuwa na haraka. Themanini na mbili. Themanini na tatu. Themanini na nne.

"Ziko zote, Mzee," nikasema.

"Poa," akajibu.